Usinunue waya mwingine kwanza, tatizo liko kwenye setingi za TV

Swali: Habari mtaalamu. Nina laptopu ya miaka kadhaa sasa, ina tundu la HDMI, la VGA na moja la USB-C. TV yangu ni ya inchi 43, ni 4K, ina HDMI tatu na haina VGA. Nimechomeka HDMI picha imekuja ila herufi zimekaa kama zimevimba, pembeni picha imekatwa mpaka saa ya pale chini kulia siioni, na sauti bado inatoka kwenye laptopu. Rafiki mmoja ananiambia VGA ndo nzuri kwa maandishi ninunue adapta, mwingine anasema HDMI imeshapitwa nitafute USB-C, wa tatu anasema waya wa nini siku hizi, tumia waifai. Mchana nataka niandikie kwenye TV, usiku niangalie muvi. Nichukue ipi?

Jibu: Salama kabisa ndugu yangu, na asante kwa kutaja matundu yote maana wengi huwa wanauliza waya gani mzuri bila kusema mashine yenyewe ina nini. Jibu fupi ni kwamba baki na HDMI yako na usitoe hela yoyote kwa sasa. Hayo matatizo matatu yote yanatengenezeka kwa rimoti na kibodi, waya wako unafanya kazi yake vizuri tu, ila TV inaichezea picha baada ya kuipokea kwa sababu inadhani imeletewa kipindi cha televisheni wakati imeletewa kompyuta. Ukishalielewa hilo mengine yote yanakaa sawa.

Tuanze na hiyo saa iliyopotea. Zile TV za chogo za zamani zilikuwa haziwezi kuchora picha vizuri mpaka mwisho wa kioo, pembeni kulikuwa kunapinda na kutetereka, kwa hiyo watengenezaji wakawa wanaikuza picha kidogo ili zile kingo mbaya zijifiche nyuma ya fremu. Kwenye mpira au taarifa ya habari hakuna anayegundua. Sasa TV bapa hazina tena shida hiyo lakini tabia ile imebaki, nyingi ukizichomekea kitu kwa HDMI zinaikuza picha zenyewe. Tuseme inakata asilimia 5 ya upana, kwenye pikseli 1920 ulizotuma, yaani vile vidoti vinavyounda picha, zinabaki 1824, halafu hizo 1824 zinavutwa zijaze kioo kizima. Matokeo yake ni mawili kwa mpigo, saa inatoka nje ya kioo na kila herufi inachorwa upya kwa kukisia, ndo maana unaona zimevimba. Yaani malalamiko yako mawili yana mzizi mmoja.

Dawa yake ni kwenye menyu ya TV, tafuta sehemu ya ukubwa wa picha, ile ambayo ina 16:9, 4:3 na kadhalika, humo ndani kuna chaguo la kuonyesha picha kama ilivyokuja bila kukuza. Jina linategemea kampuni, LG huwa wanaliita Just Scan, Samsung wanaliita Screen Fit au Fit to Screen, kwingine utakuta Full Pixel au 1:1. Ukilipata na ukaliwasha saa itarudi palepale. Usikimbilie kuipunguza picha kwa upande wa laptopu, ile programu ya kadi ya picha ina kitelezi cha kubana picha iingie kwenye fremu na watu wengi wanaridhika nacho kwa sababu saa inaonekana, lakini hapo unakuwa umeibana kwenye laptopu halafu TV inaivuta tena, herufi zinaumia mara mbili.

Cha pili, ukiwa palepale HDMI, badilisha jina la hiyo input, yaani tundu ulilochomekea, iitwe PC. Najua inasikika kama kitu kidogo lakini kwenye TV nyingi za LG na Samsung hilo jina au ile alama ya kompyuta ndo inayoiambia TV iache mapambo yake. Mapambo gani, kuna ile sharpness ambayo inachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu ili muvi ionekane imekolea, kwenye maandishi mstari huo unakuwa kivuli kuzunguka kila herufi. Kama jina halikusaidia shusha mwenyewe sharpness mpaka kivuli kipotee, kwenye TV nyingi ni sifuri ila zipo ambazo sifuri inaleta ukungu, angalia kwa macho yako na uache pale herufi inapokaa kama kwenye kitabu.

Na kuna jambo la rangi hapa ambalo mafundi wengi hawalisemi. Jicho la binadamu linaona mwanga kwa undani zaidi kuliko linavyoona rangi, ndo maana kwenye video wanabana, katika kila pikseli 4 mwanga unatunzwa kwa kila moja lakini rangi inatunzwa moja kwa zote nne, na kwenye muvi hutagundua hata ukisogea karibu. Kwenye herufi za rangi ndo inaonekana. Jipime hivi: andika sentensi kwa herufi ndogo nyekundu juu ya rangi ya bluu iliyokolea, kama herufi zimechafuka na kuchanganyika na nyuma yake wakati nyeusi juu ya nyeupe zinasomeka poa, ujue rangi imebanwa mahali fulani, ama laptopu inaituma hivyo ama TV inaibana ikishaipokea. Kuiita input PC huwa kunamaliza kwa upande wa TV. Kwa upande wa laptopu ingia kwenye setingi za kadi ya picha, chagua RGB au 4:4:4 ambazo zinatuma rangi ya kila pikseli, usiache 4:2:0 ambayo ndo ile iliyobanwa.

Cha tatu ni namna laptopu inavyotuma picha. Nahisi umeiacha kwenye ile hali ya picha moja kuonekana kote, kwenye laptopu na kwenye TV. Hali hiyo inazilazimisha skrini mbili zikubaliane saizi moja, na kama kioo cha laptopu yako ni 1366 kwa 768 kama zilivyo nyingi za umri huo, basi na TV inapewa hiyohiyo. Hebu piga hesabu, 1366 mara 768 ni pikseli kama milioni 1, TV yako ina 3840 kwa 2160 ambazo ni zaidi ya milioni 8, kwa hiyo kila pikseli moja inabidi itandazwe izibe nafasi ya karibu nane. Lazima zivimbe tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, utaona machaguo manne, la tatu linatandaza meza yako ya kazi iendelee kutoka laptopu hadi kwenye TV, la nne linazima kioo cha laptopu na kubaki na TV peke yake. Kwa kuandika mi nakushauri la nne, halafu nenda setingi za skrini uhakikishe rezolusheni, yaani idadi ya pikseli inayotumwa, imekaa 3840 kwa 2160, au 1920 kwa 1080 kwa sababu nitakayoieleza chini. Ukiona maandishi yamekuwa madogo sana usiishushe rezolusheni ovyo, pandisha ile asilimia ya ukubwa wa maandishi, weka 150 au 200, herufi zinakua na zinabaki kali.

Sauti ni rahisi, HDMI inabeba picha na sauti kwenye waya mmoja ila Windows haihami yenyewe kila mara. Bonyeza alama ya spika pale chini, fungua orodha ya vifaa vya sauti, chagua jina la TV. Basi. Kama jina la TV halipo kabisa kwenye orodha wakati picha inaonekana hapo sasa ni draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, isasishe kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu.

Sasa tuje kwa marafiki zako, na sitawadharau maana kila mmoja ana chembe ya ukweli.

Huyu wa VGA nadhani anakumbuka zamani na anachokumbuka ni kweli. VGA ililetwa na IBM mwaka 1987, ina pini 15, na TV bapa za mwanzo zilikuwa nayo pembeni ya HDMI. Ukichomeka laptopu kwa VGA maandishi yalikuwa yanatoka safi, ukichomeka kwa HDMI yanatoka yamevimba na kukatwa, mtu akihukumu kwa macho lazima aseme VGA ni bora. Lakini sababu haikuwa waya. TV ilikuwa inajua kwamba kinachoingia kwenye tundu la VGA ni kompyuta tu, kwa hiyo haikuzi wala haipambi, wakati HDMI ilikuwa inaichukulia kama deki au king'amuzi. Zile setingi mbili nilizokupa juu zinaipa HDMI yako heshima ileile. Na kwako wewe VGA ingekuwa hasara kweli, kwa sababu ni analogi na TV yako haina tundu lake: laptopu ingechukua picha ambayo ni dijitali iigeuze kuwa mawimbi ya umeme, adapta iyapime mawimbi na kuyarudisha kuwa dijitali, ndo iingie TV, na kila kugeuza kunapoteza kitu. Sauti VGA haibebi hata kidogo, unahitaji waya mwingine wa tundu la hedifoni. Halafu muvi zenye HDCP, ule ulinzi wa kuzuia kunakiliwa, zinaweza kukataa kabisa kuonekana, skrini inabaki nyeusi, kwa sababu VGA haina njia ya kuthibitisha ulinzi huo. Kitu kingine naomba ukikumbuke siku ukimsaidia mwenye laptopu ya VGA tupu, kuna waya zinauzwa upande mmoja VGA upande mwingine HDMI, hazina kiboksi chochote katikati wala kichwa kinene chenye chipu, hizo hazifanyi kazi kwa laptopu na TV hata ungezibembeleza vipi. Kugeuza analogi kuwa dijitali ni kazi ya chipu, na chipu inataka umeme, ndo maana konvata ya kweli ina kimkia cha USB cha kuchukua umeme na tundu la kuingizia sauti.

Huyu wa USB-C naye amekosea sehemu moja na amepatia sehemu moja. Amekosea kusema HDMI imepitwa, kwa sababu hata ukitumia USB-C mwisho wake kule kwenye TV utachomeka kwenye HDMI, hakuna pengine pa kuchomeka. Hilo tundu la USB la TV ni la flashi na diski, halipokei picha ya kompyuta. Alipopatia ni hapa, na hili ndo jambo pekee linaloweza kukufanya siku moja ununue kitu: kasi.

Picha ya 1920 kwa 1080, kila pikseli biti 24, mara 60 kwa sekunde, inakuja kama gigabiti 3 kwa sekunde. Ukienda 4K pikseli ni mara nne kwa hiyo ni kama gigabiti 12, na ukiongeza vile vya ziada vinavyosafiri pamoja na picha unakaribia 18. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 mwisho wake ni gigabiti 10.2, haitoshi, inachoweza ni kutuma 4K mara 30 kwa sekunde tu. HDMI 2.0 ya 2013 ndo ikafika 18 ikaweza 4K mara 60, na 2.1 ya 2017 ikafika 48. Laptopu ambayo bado ina VGA ubavuni mara nyingi HDMI yake ni ya 1.4. Fungua setingi za skrini, sehemu ya advanced, angalia refresh rate, yaani picha inatumwa mara ngapi kwa sekunde, huandikwa kwa Hz, ukiwa kwenye 4K, kama inakomea 30 na 60 haipo ujue ndo hiyo. Kwa muvi 30 haina shida kubwa, filamu nyingi zimepigwa picha 24 kwa sekunde. Kwa kuandika inachosha mno, mausi unaisukuma inafika kwa kuchelewa, ukurasa ukishuka unaruka-ruka, ukikaa nayo saa mbili macho yanauma. Hapo shusha iwe 1920 kwa 1080 kwa Hz 60. Kwenye TV ya 4K hiyo inaingia vizuri maana ni nusu kamili kwa upana na kwa urefu, kila pikseli inakuwa nne, TV inalainisha kidogo ila herufi zinasomeka bila shida ukikaa mita mbili hivi.

Ukitaka 4K kwa 60 kutoka kwenye laptopu hiyohiyo, USB-C inaweza kuwa mlango wako, ila si kila USB-C inatoa picha na hapa ndo watu wengi wanapoliwa. Tundu ni umbo tu, ndani yake mtengenezaji anaweza kuweka data peke yake, au data na chaji, au vyote na picha. Ile inayotoa picha inatumia DisplayPort, njia nyingine ya kutuma picha ya kompyuta, kupitia hilohilo tundu. Angalia pembeni yake, alama ya herufi D iliyobeba P ni picha, alama ya radi ndogo ni Thunderbolt na hiyo picha inatoa. Kama hakuna alama tafuta namba ya modeli ya laptopu yako, soma ukurasa wa mtengenezaji, utafute neno DisplayPort kwenye maelezo ya USB-C. Usijaribu kwa kubahatisha na waya wa kuchajia simu, waya nyingi za aina hiyo hazina nyaya za ndani za kubebea picha hata kama tundu linatoa. Ukithibitisha, chukua adapta au waya wa USB-C kwenda HDMI ulioandikwa wazi 4K kwa 60Hz, maana zipo zinazoandikwa 4K tu na ukifika nyumbani unakuta ni 30, unakuwa umerudi palepale. Na kwenye TV kuna setingi ya kufungulia kasi kubwa kwa kila tundu la HDMI, kuna wanaoita Input Signal Plus, wengine Deep Colour, wengine Enhanced, isipowashwa tundu linajifanya la zamani na 60 hutaiona. Kuna TV pia ambazo tundu moja au mawili tu ndo yenye kasi kamili, soma maandishi madogo pembeni ya tundu.

Waya wenyewe usikuumize kichwa. Dhahabu kwenye ncha haiongezi ubora wa picha, dijitali ama inafika ama haifiki, na isipofika vizuri utaona chembechembe zinametameta au kioo kinazima sekunde mbili na kuwaka tena. Urefu ndo wa kuangalia. Niliwahi kuhangaika siku nzima na TV iliyokuwa inazima-zima, nikabadilisha draiva, nikabadilisha tundu, mwisho nikatoa waya wa mita 10 uliokuwa umezungushwa nyuma ya kabati nikaweka wa mita 2, ikatulia palepale. Kwa 4K ya Hz 60 kaa ndani ya mita 3 hivi na uchukue ulioandikwa Premium High Speed, umbali mkubwa unataka waya zenye chipu au za faiba na hizo zina upande wa laptopu na upande wa TV, ukizigeuza hazionyeshi kitu.

Huyu wa waifai sina ugomvi naye kwa baadhi ya mambo. Miracast ilizinduliwa 2012 na Windows inayo ndani yake, bonyeza Windows na K, chagua TV, picha inahama bila waya. Kuonyesha picha za harusi au slaidi za mkutano ni raha kabisa. Lakini laptopu inaibana picha kuwa video, inairusha, TV inaifungua, na yote hayo yanachukua muda, unaandika neno linatokea umeshaanza jingine, na ule ubanaji unaipaka herufi ukungu. Kwa kazi yako ya mchana usiiguse.

Kwa muvi za usiku nakushauri uachane kabisa na laptopu kama hiyo huduma unayolipia ina programu yake ndani ya TV. Huduma nyingi hazitoi 4K kwenye brauza ya kompyuta hata ukiwa na waya bora namna gani, wakati programu ya kwenye TV inachota picha yenyewe moja kwa moja. Laptopu iache kwa muvi zilizo kwenye diski yako, na ukiona weusi kwenye hizo muvi umekuwa kijivu kilichopauka, au sehemu za giza zimezama zote hazionyeshi kitu, ujue laptopu na TV hazijakubaliana kiwango cha weusi: moja inahesabu 0 hadi 255 nyingine 16 hadi 235. Kwenye kadi ya picha kuna full na limited, kwenye TV kuna HDMI black level, ziweke zilingane.

Kwa hiyo leo jioni anza na ukubwa wa picha, halafu jina la PC, halafu Windows na P, halafu sauti, kwa mpangilio huohuo maana ukianza na rezolusheni kabla ya kuzima ule ukuzaji hutajua kipi kimekusaidia. Ukimaliza fungua hati yako ya kazi, kaa pale utakapokuwa unakaa kweli, uisome dakika kumi. Macho yakitulia kwenye 1920 kwa 1080 hiyo USB-C huna haja hata ya kuichunguza.